Mshika Mbili Moja Humponyoka: Ubunifu, Umakini na Uongozi katika Biashara

Msomaji mpenzi, ukipita katika soko lolote la nchi yetu hukosi kuona kibanda kipya kimefunguliwa. Kibao kimepakwa rangi ya kupendeza, redio inanguruma, na mwenyewe amesimama mlangoni akitabasamu. Haya, rudi hapo baada ya miezi sita. Mara nyingi utakuta kibao kingali pale, lakini mlango una kufuli na mwenye duka hajulikani aliko. Ukiwauliza majirani, mmoja atakwambia, "Biashara ni bahati, bwana." Mwingine ataguna na kunong'ona kwamba jamaa alirogwa.

Sikatai kwamba bahati ipo. Hata hivyo, ukizichunguza biashara zilizosimama na zile zilizoanguka, utaona kwamba habari zake zaweza kuelezwa bila kumtaja mganga. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu ambayo, yakiwa pamoja, huiwezesha biashara kusimama, na yakitengana, huiangusha hata ikiwa kubwa namna gani. Mambo hayo ni ubunifu, umakini na uongozi. Mifano nitakayotumia haitoki mbali. Ni kampuni ambazo majina yake tunayajua sote: M-Pesa ya Safaricom, benki ya Equity, na duka kubwa la Nakumatt ambalo sasa halipo tena.

Kwa nini sisi wanafunzi tujisumbue na habari hizi? Sababu ni kwamba wengi wetu hatutaajiriwa na mtu tutakapomaliza shule. Tutajiajiri. Wengine tayari wana wazazi wanaotegemea kibanda, shamba, cherehani au pikipiki kulipa karo. Biashara hiyo ikifa, si kibao tu kinachoanguka. Kuna mtoto anayebaki nyumbani.

UBUNIFU SI KUUNDA NDEGE

Wengi wetu tukisikia neno ubunifu, hufikiria mtu aliyejifungia chumbani akiunda ndege au roketi. Hivyo sivyo. Katika biashara, ubunifu ni kupata njia mpya ya kumwondolea mtu taabu, njia ambayo mtu huyo yuko tayari kuilipia. Hayo tu. Chombo chenyewe si lazima kiwe kipya.

Mtazame mama mwenye duka mtaani. Mafuta ya kupikia huletwa dukani yakiwa kwenye mtungi mkubwa wa lita 20. Mteja wake ni kibarua anayelipwa kila jioni, na hana pesa za kununua hata chupa ya lita moja. Mama huyo huyapima mafuta kwa kikombe kidogo, kiasi cha kupikia sukuma wiki ya usiku mmoja. Hakuvumbua mafuta wala kikombe. Alichofanya ni kutambua kwamba mteja wake hupata pesa kwa siku, hivyo naye hana budi kuuziwa kwa siku. Huo ni ubunifu halisi, ingawa hakuna gazeti litakalomwandika.

Safaricom ilipata mafanikio yake ya kwanza kwa njia iyo hiyo. Mwaka wa 2000, Michael Joseph alipokuja kuwa mkurugenzi mkuu wake, kampuni hiyo ilikuwa na wateja wasiofika 20,000. Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wakubwa. Mshindani wake alikuwa akitoza gharama kwa dakika; ukizungumza sekunde 10 ulilipia dakika nzima. Safaricom ikaamua kutoza kwa sekunde. Mitambo ilikuwa ile ile na sauti ile ile. Kilichobadilika ni hesabu. Lakini mtu mwenye shilingi chache mfukoni sasa aliweza kupiga simu, akasema "Nimefika salama," akakata, na kulipia maneno hayo mawili tu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kampuni iliyowakubali wateja wa haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba chake.

Kumbe basi, ubunifu huanza kwa macho na masikio kabla haujafika mikononi.

JINSI M-PESA ILIVYOZALIWA

Sasa tuangalie mfano mkubwa zaidi. Watu wengi hudhani kwamba M-Pesa ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutumiana pesa. La hasha! Ilianza kwa nia nyingine kabisa.

Mnamo mwaka wa 2003, Nick Hughes, mfanyakazi wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza, ambayo ilikuwa na hisa katika Safaricom, alitafuta njia ya kutumia simu kuwasaidia watu wasio na akaunti za benki. Serikali ya Uingereza ilisaidia kwa ruzuku ya takriban pauni milioni moja, na Vodafone ikaongeza yake. Baadaye Susie Lonie, pia wa Vodafone, alikuja Nairobi kusimamia kazi yenyewe. Wazo lao lilikuwa hili: watu waliokopeshwa na mashirika ya mikopo midogo midogo warejeshe mikopo yao kwa simu badala ya kubeba pesa taslimu hadi mkutanoni.

Jaribio lilianza mwezi wa Oktoba mwaka wa 2005, kwa kushirikiana na shirika la Faulu Kenya. Wateja wasiozidi 500 walipewa simu, na maduka machache ya Nairobi na Thika yakateuliwa kuwa mawakala. Waanzilishi wakakaa chini kutazama kitakachotokea.

Walichokiona hawakukitarajia. Wateja walilipa mikopo, ndiyo, lakini walifanya na mambo mengine chungu nzima ambayo hakuna aliyewafundisha. Mfanyabiashara aliyemaliza kazi jioni benki zikiwa zimefungwa aliweka mauzo yake ya siku kwenye simu, akayatoa asubuhi. Simu ikawa kabati la kulaza pesa! Aliyekuwa anasafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine aliweka pesa kabla ya kupanda gari, akazitoa aliposhuka, hivyo mwizi wa njiani akaambulia patupu. Wengine waliwalipia wenzao mikopo kisha wakafidiwa kwa njia nyingine. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao wa mbali.

Wakati huo huo, lile lengo la kwanza lilianza kuyumba. Mashirika ya mikopo hutegemea mkutano wa kikundi, ambapo wanachama huonana ana kwa ana na kudhaminiana. Mtu akiisha kulipa kwa simu, huona hana haja ya kwenda mkutanoni. Isitoshe, haikuwa rahisi kuunganisha hesabu za simu na hesabu za shirika.

Hapo ndipo penye funzo, wanafunzi wenzangu. Mtu mwenye kiburi angesema, "Hawa wateja hawajui kutumia chombo changu." Angewaandalia semina. Waanzilishi wa M-Pesa walifanya kinyume chake. Waliwakubali wateja wao kama walimu. Mwenye macho haambiwi tazama, nao walitazama.

Ni taabu gani waliyoiona? Ni ile ambayo kila jamaa ya Kenya iliijua. Baba au kaka anafanya kazi mjini. Mama na wadogo zake wako mashambani. Kabla ya mwaka wa 2007, kupeleka pesa nyumbani kulikuwa mtihani. Ungeweza kununua hawala ya posta, lakini huenda posta ya kule nyumbani ikawa mbali au haina pesa za kutosha siku hiyo. Ungeweza kutia pesa katika bahasha na kumpa dereva wa basi, ukabaki kuomba Mungu zifike. Ama ungengoja mtu wa kijijini kwenu asafiri. Wakati unangoja, mtoto anafukuzwa shule kwa sababu ya karo, au mgonjwa anazidiwa.

UMAKINI: KUCHAGUA MOJA NA KUACHA TISA

Sasa waanzilishi walikuwa na orodha ndefu ya mambo ambayo chombo chao kingeweza kufanya: kulipa mikopo, kuweka akiba, kununua bidhaa, kusafiri na pesa, kutuma pesa. Laiti wangeyatangaza yote kwa pamoja, mteja angechanganyikiwa. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse njia tano!

Walichagua moja. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, tangazo lake lilikuwa na ujumbe mmoja mfupi uliomhimiza mtu kutuma pesa nyumbani. Mikopo iliwekwa kando. Mambo mengine yalifanywa rahisi iwezekanavyo: kujisajili kulikuwa bure, kuweka pesa kulikuwa bure, na huduma ilifanya kazi katika simu ya bei nafuu kabisa, kwa sababu ilikaa katika kadi ya simu yenyewe.

Matokeo yake? Safaricom ilikuwa na matumaini ya kupata wateja milioni moja katika mwaka wa kwanza. Idadi hiyo ilipatikana katika muda wa miezi minane hivi. Na mapema mwaka wa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu, watu waliokwama mitaani bila ya kuweza kutoka walitumiwa pesa na muda wa maongezi na jamaa zao. Huduma iliyoanza kama jaribio la mikopo ikawa kamba ya kuokolea watu.

Tuelewe vizuri kwamba umakini haumaanishi kukataa mambo mengine milele. Unamaanisha kuyapanga. Ile mikopo iliyowekwa kando ilirudi. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2012, Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, benki ambayo mwaka wa 2019 iliungana na NIC na kuwa NCBA, zilianzisha M-Shwari ili watu waweke akiba na kukopa kwa simu. Kufikia wakati huo mamilioni ya watu walikuwa wameizoea M-Pesa na kuiamini. Kilichokuwa mzigo mwaka wa 2006 kilikuwa mtaji mwaka wa 2012. Mambo ni yale yale. Tofauti ni wakati.

Kwa upande mwingine, tutazame habari ya Nakumatt. Kampuni hii ilitokana na duka la magodoro mjini Nakuru. Hata jina lake limeunganishwa kutokana na Nakuru na neno la Kiingereza la godoro. Hakuna anayeweza kusema kwamba haikuwa na ubunifu. Iliwazoesha Wakenya kununua vitu saa 24, usiku na mchana, na ikawapa wateja kadi za kukusanya pointi kila waliponunua. Jamaa wengi wa mjini waliona fahari kubeba mfuko wake.

Ila ilipanuka kwa kasi, tena kwa pesa za kukopa. Ilifungua matawi nchini Rwanda na Uganda, na mwaka wa 2014 ikachukua maduka ya kampuni nyingine nchini Tanzania, hadi ikawa na matawi zaidi ya 60. Kila tawi jipya lilihitaji kodi, mishahara na bidhaa. Sasa elewa jinsi duka la aina hii linavyofanya kazi. Muuza unga na muuza maziwa huleta bidhaa leo, wakalipwa baadaye. Duka likiuza upesi na kuwalipa kwa wakati, gurudumu linazunguka. Lakini pesa za unga zikitumiwa kulipia madeni au kuendesha tawi jingine, mwenye unga halipwi. Asipolipwa haleti tena. Asipoleta, rafu zinabaki tupu. Rafu zikiwa tupu, mteja haji, na mteja asipokuja hakuna pesa za kumlipa mwenye unga. Hivyo ndivyo gurudumu huanza kuzunguka kinyume.

Kufikia mwaka wa 2017 wateja walikuwa wakiingia katika matawi yake na kukuta rafu tupu. Mapema mwaka wa 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na mwaka wa 2020 waliokuwa wakiidai waliamua ifungwe kabisa. Wafanyakazi walipoteza kazi, na wauzaji wadogo wadogo walioleta mboga na mikate wakabaki na stakabadhi mikononi. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

UONGOZI: NANI ATASIMAMA MBELE?

Hadi hapa msomaji anaweza kuuliza: je, mtu akiwa na macho ya kuona na moyo wa kuchagua, bado anahitaji nini? Anahitaji uongozi, maana kuona na kuchagua kunaweza kufanywa na mtu mmoja kitandani kwake, lakini biashara hufanywa na watu wengi.

Wengine wetu tunadhani kiongozi ni yule anayekaa katika kiti kinachozunguka na kuamrisha. Katika biashara, kiongozi ni yule anayebeba hatari kabla matokeo hayajajulikana, na anayehakikisha kwamba kila aliye katika mnyororo anapata haki yake.

Chukua mfano wa mawakala wa M-Pesa. Wakala lazima awe na pesa za aina mbili: noti katika sanduku lake, na pesa za simu. Mteja akileta shilingi 1,000, wakala hupokea noti na kumpa pesa za simu. Mteja mwingine akitaka kutoa, wakala hupokea pesa za simu na kumpa noti. Sasa angalia: pesa nyingi hutoka mjini kwenda mashambani. Kwa hiyo wakala wa mjini hujaa noti na kuishiwa na pesa za simu, ilhali wakala wa kijijini hujaa pesa za simu na kuishiwa na noti. Usipolitatua jambo hili, nyanya atatembea kilomita 5 kufuata pesa alizotumiwa, aambiwe, "Pesa hakuna, rudi kesho." Akiambiwa hivyo mara mbili, hataiamini simu tena maishani mwake.

Ndiyo maana ilibidi mawakala wafunzwe, wakaguliwe na walipwe kamisheni kwa kila kazi, na mipango ifanywe ili noti na pesa za simu ziweze kubadilishwa kwa urahisi kupitia benki na mawakala wakuu. Kazi hii haina sifa. Haionekani kwenye tangazo la televisheni. Lakini bila hiyo, ule ubunifu wote ungekuwa porojo. Kiongozi mzuri hujulikana kwa kushughulikia yale yasiyopigiwa makofi.

Jambo jingine ni uaminifu. Pesa za wateja wa M-Pesa hazikuwekwa pamoja na pesa za Safaricom. Ziliwekwa benki chini ya udhamini, ili kila shilingi iliyo katika simu iwe na shilingi mwenzake benki. Mwishoni mwa mwaka wa 2008 serikali iliagiza huduma hiyo ikaguliwe, kukiwa na hofu kwamba pesa za raia zilikuwa hatarini. Ukaguzi ulipofanywa, mambo yalionekana kuwa sawa, na kazi ikaendelea. Lau viongozi wangekuwa wamechovya kidole katika chungu kile hata mara moja, leo tungekuwa tunaisimulia M-Pesa kama tunavyoisimulia Nakumatt. Wahenga walionya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano wa Equity unaonyesha uongozi wa namna nyingine, yaani uongozi wakati wa kiza. Equity ilianzishwa mwaka wa 1984 huko Kangema, Murang'a, ikiwa shirika la kukopesha watu pesa za kujengea nyumba. Tatizo lilikuwa hili: waliweka akiba wakulima na watu wa kawaida ambao wangeweza kuja kuzichukua pesa zao wakati wowote, lakini mikopo ya nyumba hulipwa kwa miaka mingi. Ni kama kumwazima mtu ng'ombe wa jirani kwa miaka 10, hali jirani aweza kumtaka kesho asubuhi.

Kufikia mwaka wa 1993, hali ilikuwa mbaya. Hasara ilikuwa imefika takriban shilingi milioni 33. Katika kila shilingi 100 zilizokuwa zimekopeshwa, 54 hazikuwa zikilipwa ipasavyo. Benki Kuu iliona kwamba shirika hilo, kwa hesabu, lilikuwa limefilisika. Fikiria akiba ya mkulima wa chai aliyejinyima miaka mingi!

Viongozi wake, akiwemo mwenyekiti Peter Munga na mhasibu kijana James Mwangi aliyejiunga nao miaka hiyo, hawakukimbia. Waliacha kung'ang'ania mikopo ya nyumba, wakageukia watu ambao benki kubwa ziliwadharau: mama muuza mboga, fundi wa viatu, mkulima mwenye vichaka vichache vya chai. Waliondoa sharti la kuweka pesa nyingi ndiyo uwe na akaunti. Walipoona kwamba mteja wa kijijini hawezi kuifuata benki mjini, waliipakia benki kwenye gari na kuipeleka sokoni.

Unaona, msomaji? Hapo ubunifu, umakini na uongozi vilikutana mahali pamoja. Mnamo tarehe 31 Desemba 2004, Equity ikawa benki kamili ya biashara. Mwaka wa 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Mwaka wa 2012, James Mwangi alitunukiwa huko Monte Carlo tuzo ya dunia ya mjasiriamali bora inayotolewa na kampuni ya Ernst & Young. Ilichukua miaka mingi, si wiki mbili. Subira huvuta heri, lakini subira yenye kazi ndani yake.

MAFIGA MATATU

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Ubunifu bila umakini huzaa Nakumatt: mambo mazuri mengi, yote kwa pamoja, mpaka yakauana. Umakini bila ubunifu nao huzaa mtu mkaidi anayeuza kitu kile kile ambacho watu wameacha kununua. Angalia wapiga picha waliokataa kuacha filamu hadi kila mteja akawa na kamera ndani ya simu yake. Na ubunifu pamoja na umakini bila uongozi huzaa chama kizuri ambacho mweka hazina wake ametoroka na pesa. Tena viongozi wakiwa wengi na kila mmoja anavuta kwake, mambo hayaendi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tena tuseme ukweli: hata mafiga matatu hayakai popote. Vodacom iliipeleka M-Pesa Afrika Kusini mwaka wa 2010, ikiwa na uzoefu na jina lenye sifa. Lakini huko watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki na njia nyingine za kutuma pesa. Taabu ya mtu wa huko haikuwa taabu ya mtu wa Nairobi. Mwaka wa 2016 huduma ikafungwa. Maana yake ni kwamba ubunifu hauhamishwi kama kiti. Ukienda mahali papya, unaanza tena kutazama.

FUNZO KWETU SISI

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya wakubwa wenye mamilioni. Mimi nina shilingi 500." Ndugu yangu, dada yangu, ngoja kidogo. Kanuni hizi hazina ukubwa. Tuseme wanafunzi watatu wakati wa likizo wameamua kutengeneza sabuni ya maji na kuiuza mtaani kwao. Wafanye nini?

Kwanza, wasianze kwa kuchapisha vibandiko vyenye majina yao. Waende kutazama. Nani anatumia sabuni nyingi? Huenda wakadhani ni majumbani, kumbe ni kibanda cha chakula kinachoosha sahani 200 kwa siku. Wampe mwenye kibanda chupa moja ya kujaribu, kisha warudi kuona ameitumiaje. Akiichanganya na maji mengi, maana yake anataka kitu cha bei nafuu. Akiitumia kufulia aproni, wamegundua soko jingine.

Pili, wachague mteja mmoja. Vibanda vya chakula, basi. Mmoja wao akija na wazo la kuuza pia mafuta ya nywele, wasimcheke wala wasimfuate. Waliandike katika daftari, na tarehe yake. Siku yake itafika, kama ilivyofika siku ya M-Shwari.

Tatu, waamue ni nani kiongozi, na kiongozi huyo aandike kila shilingi inayoingia na inayotoka. Pesa za kununulia malighafi zisiguswe, hata kama ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Mkebe wa mtaji na mkebe wa faida iwe miwili, si mmoja. Aliyewauzia chumvi na rangi kwa mkopo alipwe siku waliyoahidi, hata ikibidi wao wenyewe wakose. Tumeona kilichoipata kampuni ya matawi 60 iliposhindwa kumlipa mwenye unga.

Nne, makosa yasemwe mapema. Sabuni ikikosa povu, kiongozi amwendee mteja mwenyewe kabla mteja hajamfuata, ambadilishie bila ya kelele. Biashara haigombi.

Wakifanya hivyo na bado sabuni isiuzwe, hawatakuwa wamepoteza kila kitu. Daftari litawaambia ni wapi palipovuja, na macho yao yatakuwa yamezoea kutazama. Hayo ni mambo ambayo hata mwizi hawezi kuiba.

Ninapotua kalamu, ningependa kuwakumbusha wanachama wenzangu pamoja na walimu wetu wapendwa kwamba nchi hii haina upungufu wa watu wenye akili. Kinachopungua ni watu walio tayari kutazama kabla ya kusema, kuchagua kabla ya kukimbia, na kuwajibika kabla ya kusifiwa. Kibanda kitakachofunguliwa kesho sokoni huenda kikawa chako. Kibao kipake rangi, redio uifungulie, ukitaka. Lakini daftari liwe karibu na mkono wako, na macho yako yawe kwa mteja.